Cherehani Nayo Yataka Chakula Chake

Katika nyumba nyingi za Kenya, tangu pwani mpaka Ziwa, hapana chombo kinachopokewa kwa furaha kuu na kusahauliwa upesi kama cherehani. Siku iletwapo, watoto hukimbilia mlangoni, majirani huja kuitazama, na mwenye kuinunua huifuta kwa kitambaa laini kana kwamba ni kioo. Mwaka ukipita, juu yake huwekwa redio, chupa ya maua, na rundo la nguo zinazongoja kupigwa pasi. Hupewa kazi kila siku, lakini yenyewe haipewi kitu. Na siku inapokataa kwenda, watu husema, "Imezeeka."

Neno hilo mara nyingi si la haki, kwa maana cherehani iliyotengenezwa kwa chuma haizeeki upesi. Isaac Merritt Singer alipata hati ya ubunifu wake huko Marekani mwezi wa Agosti mwaka 1851, na kampuni iliyochukua jina lake ilijenga kiwanda kikubwa mjini Clydebank, katika nchi ya Uskoti. Kiwanda hicho kilifunguliwa mwaka 1885 na kufungwa mwaka 1980. Hapatengenezwi tena cherehani mahali pale, ila zilizotoka humo ziko bado duniani zikishona, nyingine zikiwa mikononi mwa wajukuu wa wale waliozinunua. Na zile za Butterfly, zitokazo Shanghai katika nchi ya China, ambazo watu wa Afrika ya Mashariki wanazijua sana, zafuata umbo lile lile la Singer ya zamani. Chombo cha namna hiyo hakiuawi na kazi. Kinachokiua ni vumbi, kutu na ukosefu wa mafuta. Na mambo hayo yote matatu mwenye nyumba aweza kuyazuia.

JINSI INAVYOSHONA

Afaaye kuitunza cherehani ni yule ajuaye namna inavyofanya kazi. Jina lenyewe lina asili ya Kiajemi, ambamo charkh maana yake ni gurudumu. Na kweli, kazi yote huanza katika gurudumu. Miguu hukanyaga kikanyagio, gurudumu kubwa la chini huzunguka, mkanda wa ngozi hulizungusha gurudumu dogo la juu, na sindano huanza kupanda na kushuka.

Tundu la sindano hiyo liko karibu na ncha, wala haliko nyuma kama lile la sindano ya mkono. Sindano ishukapo hupitisha uzi wa juu mpaka chini ya nguo. Inapoanza kupanda, uzi hubaki nyuma kidogo na kufanya kitanzi. Ndipo kulabu ndogo iliyo chini, yenye ncha kali, hukikamata kitanzi hicho na kukizungusha kando ya bobini yenye uzi wa pili. Nyuzi hizo mbili hufungamana katikati ya unene wa nguo, kisha meno yaliyo chini ya mguu wa cherehani huisukuma nguo kidogo, na mshono mwingine huanza.

Mambo hayo hutendeka mara nyingi sana katika dakika moja, na kila mara chuma husugua chuma. Lazima kati yao pawe na utando mwembamba wa mafuta. Utando huo ukikosekana, vyuma hulika. Na ukiwa ni wa mafuta yasiyofaa, mambo huwa mabaya zaidi, kama yalivyompata mama mmoja wa Machakos.

HABARI YA MAMA WA MACHAKOS

Mama huyo alikuwa na watoto watatu. Cherehani yake, ya kuendeshwa kwa miguu, aliinunua kwa fedha za chama cha akina mama, zamu yake ilipofika. Mumewe alikuwa na pikipiki ya kubeba abiria. Kila mwisho wa mwaka, kabla ya shule kufunguliwa mwezi wa Januari, majirani walimletea mama kazi ya kushona sare za watoto. Na mwaka ule fedha hizo zilikuwa zimetengwa kwa karo ya binti yake mkubwa, aliyekuwa akiingia shule ya sekondari.

Katikati ya mwaka kichupa cha mafuta ya cherehani kilikwisha. Alipomwomba mumewe fedha za kununua kingine, mume alijibu, "Mama watoto, mafuta si mafuta tu? Jikoni yamo." Mama hakutaka ugomvi kwa jambo dogo, akatia mafuta ya kupikia. Siku ile cherehani ilikwenda vyema kabisa, hata ikaonekana ya kuwa mume amesema kweli.

Lakini mafuta ya kupikia, yale yatokanayo na mbegu, yana tabia ya kukauka yakaapo hewani. Kwanza huwa mazito, kisha hunata kama gundi, na mwisho hushikana na vumbi la nyuzi yakawa magumu kama rangi iliyopakwa mlangoni. Ilipofika Desemba, kukanyaga cherehani kulikuwa kama kupanda kilima na mzigo wa kuni. Mama alidhani ni miguu yake iliyochoka. Siku 8 kabla ya shule kufunguliwa, akiwa amekwisha kupokea arbuni ya sare 11 na kukata vitambaa vyote, gurudumu likakataa kuzunguka.

Mume alikifungua kichwa cha cherehani, akakifunga juu ya pikipiki, wakaenda kwa fundi mmoja mzee aliyeshona katika baraza ya duka. Mzee alikipindua kichwa kile, akakitazama chini, kisha akanusa.

"Mama," akasema, "hapa pamepikwa chapati."

Mama akainamisha macho. Mume akasema, "Mzee, shauri hilo lilikuwa langu."

"Vema, mwanangu. Na ile pikipiki yako, waitia mafuta gani?"

Mume akataja oili yake, akaongeza ya kuwa huibadilisha bila kukosa, maana injini ikifa, nyumba haitakula.

"Na siku ukikosa fedha, huitia samli?"

Mume alicheka kidogo, kisha akanyamaza. "Nimekusikia, mzee," akasema.

Cherehani haikuwa imekufa. Fundi alitia mafuta ya taa katika matundu yote, akaiacha usiku kucha. Asubuhi akaizungusha polepole kwa mkono, akaufuta uchafu mweusi uliotoka, akarudia tena na tena, kisha akaikausha na kutia mafuta safi ya cherehani. Siku 2 zilikuwa zimepotea. Mama alikesha akishona, akamaliza sare 8. Zile 3 hazikuwahi. Akarudisha arbuni, na jirani mmoja hakumletea kazi tena. Binti alikwenda shuleni na nusu ya karo, na katika wiki ya tatu akarudishwa nyumbani mpaka nusu ya pili ilipopatikana. Yote hayo yalinunuliwa kwa bei ya kichupa kimoja cha mafuta.

MAFUTA NA MAHALI YANAPOTIWA

Mafuta ya cherehani ni mepesi na meupe kama maji, na huuzwa katika vichupa vidogo penye maduka ya nyuzi na vifungo. Mafuta ya kupikia, samli, na oili ya gari havifai hata kwa siku moja. Mafuta ya taa nayo ni dawa ya kuosha tu. Huyeyusha uchafu, kisha huruka hewani na kuviacha vyuma vikavu. Kwa hiyo aliyeiosha cherehani kwa mafuta ya taa na asitie mafuta yake halisi ameifanyia madhara. Tena kazi hiyo ya kuosha ifanyike mbali na moto.

Kichwa cha cherehani ya chuma kina matundu madogo juu na ubavuni, yaliyotobolewa kwa ajili ya mafuta. Tone moja katika kila tundu latosha. Kisha kichwa kilazwe nyuma, na kila mahali ambapo chuma husugua chuma patiwe tone moja, pamoja na njia inamopita ile kulabu. Watu wengi huishia hapo, wakaisahau miguu ya cherehani. Lakini kikanyagio, gurudumu kubwa na ule mkono unaoviunganisha navyo vyataka tone lao, na mlio wa kwikwi usikikao katika nyumba nyingi watoka huko chini. Baada ya kutia mafuta, gurudumu lizungushwe kwa dakika moja bila uzi, mguu wa cherehani ukiwa umeinuliwa, kisha kitambaa kibovu kishonwe mpaka mafuta yaliyozidi yaishe. Asiyefanya hivyo ataitia doa nguo ya mwenyewe.

Anayeshona mchana kutwa atie mafuta kila siku. Anayeshona kidogo nyumbani atie mara moja kwa juma. Na cherehani iliyokaa miezi bila kazi itiwe mafuta kabla ya kukanyagwa. Mahali pawili pasitiwe mafuta kamwe: katika mkanda, maana utateleza, na katika visahani viwili vidogo vinavyoubana uzi wa juu, maana uzi utachafuka na kulegea.

Hayo ni kwa cherehani za chuma. Zile mpya za umeme huja na kitabu chake, na baadhi ya watengenezaji huonya ya kuwa zisitiwe mafuta na mwenye nyumba. Kitabu hicho kisomwe na kufuatwa, na kabla ya kuigusa cherehani ya umeme, waya uchomolewe ukutani.

VUMBI LILILOJIFICHA

Kila nguo hutoa nyuzinyuzi ndogo, na hizo hujikusanya mahali pasipoonekana, chini ya bamba la sindano katikati ya meno. Zikichanganyika na mafuta na vumbi la barabarani, hushindiliwa kama sufi katika mto, na meno hayawezi tena kuinuka ipasavyo. Hapo nguo hukwama, na mshonaji huanza kuivuta kwa mkono. Kuvuta huko huipinda sindano, nayo sindano iliyopindika hugonga bamba na kuvunjika.

Dawa yake ni rahisi. Parafujo mbili za bamba zifunguliwe kwa bisibisi ndogo, bamba litolewe, na uchafu uondolewe kwa brashi ndogo. Hata mswaki mkuukuu uliooshwa na kukaushwa wafaa. Nyumba ya bobini nayo itolewe na kufutwa. Humo, chini ya kile kichuma chembamba kinachoubana uzi, kipande kidogo cha uzi chaweza kujificha na kuharibu mshono wote. Kitolewe kwa uzi mwingine au kwa karatasi iliyokunjwa, wala si kwa ncha ya kisu, isije ikakikwaruza kichuma.

SINDANO NA UZI

Sindano ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika cherehani, nayo ndiyo huachwa muda mrefu kuliko vyote. Ncha yake ikiwa butu, huipiga nguo kwa kishindo, huvuta nyuzi za kitambaa, na huruka mishono. Yafaa ibadilishwe mara kwa mara, na mara moja ikiwa imegonga chuma.

Sindano huenda kwa nambari. Nambari 11 ni ya vitambaa vyepesi, 14 ya kanga na vitambaa vya kawaida, 16 ya kaki na vitambaa vizito, na 18 ya jinzi na turubai. Mwenye kushona kaki kwa sindano ya 11 asishangae ikivunjika. Katika cherehani nyingi za nyumbani sindano ina ubavu mmoja bapa juu, na mfereji mrefu upande wa pili. Uzi huingizwa katika tundu kutoka upande wenye mfereji. Sindano isukumwe mpaka mwisho kabla ya kukazwa. Ikiachwa chini kidogo au kugeuzwa, kulabu haitakikuta kitanzi, na hapatakuwa na mshono.

Liko kosa moja linalowasumbua wengi. Uzi unapofanya vitanzi na mafundo chini ya nguo, mshonaji huilaumu bobini, akaanza kuigeuza parafujo yake ndogo. Lakini mara nyingi lawama ni ya uzi wa juu: haukubanwa, au haukupitishwa katika njia yake. Uzi wa juu utolewe wote, mguu wa cherehani uinuliwe ili visahani viachane, kisha uzi upitishwe upya hatua kwa hatua. Baada ya hapo mguu ushushwe na mishono ijaribiwe katika kitambaa kidogo. Mara nyingi ugonjwa huwa umekwisha, na hapana parafujo iliyoguswa. Ikiwa lazima parafujo ya bobini iguswe, igeuzwe kidogo sana, maana ni fupi, na ikianguka sakafuni haionekani tena.

Mwanzoni na mwishoni mwa kazi, ule mkono unaouvuta uzi uwe juu kabisa ndipo nguo itolewe, uzi usije ukachomoka. Na gurudumu la juu lizungushwe kumwelekea mshonaji. Likirudishwa nyuma, nyuzi hujifunga.

MKANDA NA MAHALI PA KUKAA

Mkanda wa ngozi hulegea kadiri siku zinavyopita. Ukianza kuteleza, ukatwe kipande kidogo na kuunganishwa tena kwa kile kikulabu chake cha waya. Usikazwe mno, kwa sababu mkanda uliokazwa kupita kiasi huifanya cherehani kuwa nzito na kuumiza miguu ya mwenye kushona.

Cherehani isiwekwe penye mlango upitishao vumbi, wala dirishani panapoingia mvua. Pwani, ambako upepo wa bahari una chumvi, vyuma ving'aavyo vifutwe kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kila kazi inapokwisha, maana kutu haingoji. Bara, penye mchwa, miguu ya meza itazamwe na kuta zisiguswe na mbao zake. Juu yake pawe na kifuniko, hata kama ni mfuko wa amerikani ulioshonwa na cherehani hiyo hiyo. Chupa ya maua ina meza yake. Maji yanayomwagika humo hushuka moja kwa moja katika vyuma.

Watoto wafundishwe mapema ya kuwa gurudumu si mchezo, kwa maana sindano haibagui kitambaa na kidole. Wakati usio wa kazi, mkanda utolewe katika gurudumu, na hatari hiyo itakuwa imekwisha.

FEDHA ZA MAFUTA

Kazi zote hizi kwa juma moja hazifiki nusu saa, na mtu hahitaji shule ya ufundi ili azifanye. Zinalohitaji ni kukubaliwa na watu wa nyumba ya kuwa ni kazi. Katika nyumba nyingi chombo cha baba huhesabiwa kuwa mali ya kuleta fedha, na hupewa mafuta, vipuri na fundi bila neno. Chombo cha mama, hata kama ndicho kilichonunua unga wa juma zima, huhesabiwa kuwa pambo la sebuleni, na mafuta yake huonekana kama anasa. Mama naye, akichelea maneno, hunyamaza na kutumia kilichopo jikoni.

Yafaa mwenye cherehani atenge sehemu ndogo ya fedha za kila kazi kabla hazijaingia katika matumizi ya nyumba, azitie katika kopo lake, na kopo hilo liwe la mafuta, sindano na mkanda tu. Pia yafaa aandike katika daftari siku aliyotia mafuta na siku aliyobadilisha sindano, kama vile dereva aandikavyo safari zake. Na mwezi wa Novemba, kabla ya kupokea arbuni ya sare hata moja, aifungue cherehani, aisafishe yote, na ashone kitambaa kibovu kwa muda wa kutosha akiisikiliza. Ikiwa na ugonjwa, atausikia wakati ambapo fundi bado ana nafasi na shule haijafunguliwa.

Yule mama wa Machakos hufanya hivyo sasa. Kichupa cha mafuta humletea mumewe mwenyewe, siku ile ile anayonunua oili ya pikipiki, na fedha zake hutoka katika mfuko mmoja.